Fomu Tuliyojaza Mkekani

Siku mliyoniaga, mmoja wenu, na simtaji kwa sababu ni mtoto mzuri, aliniuliza mbele ya keki: "Mama Rukia, miaka yote hiyo kwenye kampuni ya teknolojia, ulipenda nini na hukupenda nini?" Nikaanza kulia, na nyinyi mkapiga makofi mkidhani ni machozi ya furaha. Wee! Furaha wapi. Swali hilo niliwahi kuulizwa mara moja tu kabla ya hapo, kwa karatasi, hapa hapa Garissa, miaka ya tisini, na jinsi tulivyolijibu imeniachia mkanganyiko ambao haujaniisha. Sasa nimestaafu na muda ninao, kwa hiyo nitaeleza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Hivyo havina utamu.

Mimi ni mtoto wa upande wa mto. Baba alilima ndizi kando ya Tana na alikuwa na pampu ya dizeli iliyogoma kila wiki. Ndiyo mashine ya kwanza niliyoifungua. Nilipoifunga tena nilibaki na nati moja mkononi, na pampu ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Hiyo nati sikuielewa wakati ule na siielewi leo. Baba akaamua nina kipaji. Nikaenda chuo cha ufundi Mombasa, kisha kampuni ikanichukua kwa mafunzo ya miezi mitatu makao makuu, Nairobi. Huko nilijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye daftari la mwalimu yeyote: Nairobi, karatasi ndiyo mtu. Ukiandikwa mchelewaji, wewe ni mchelewaji, hata ulale mlangoni pa ofisi. Nilimwona mlinzi akiachishwa kazi kwa mstari mmoja wa ripoti, na aliyeuandika hakuwahi hata kumwona huyo mlinzi. Nawaomba mkumbuke kwamba nililijua hilo.

Tawi la Garissa lilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Mbele palikuwa na bango lililoahidi teknolojia ya kesho, na chini yake mbuzi walilala kivulini. Tulifunga na kutengeneza paneli za sola na redio za kuzungumza masafa ya mbali, zile ambazo huku watu wote waliziita taar. Simu zilikuwa chache mno wakati huo. Zahanati ikitaka dawa, mfanyabiashara akitaka kujua soko la ngamia limeamkaje, watu wa misaada wakitaka lori, wote waliingia kwenye taar. Kwa hiyo ilipokufa, watu hawakuuliza itapona lini. Walikuja ofisini wakaketi, wakatutazama.

Meneja wetu alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mpole, aliyeogopa vumbi. Aliletwa Garissa ama kama zawadi ama kama adhabu, na mwenyewe hakuwa na hakika ni ipi. Siku yangu ya kwanza alinipa mkono, akanipa fulana yenye maandishi ya kampuni, kisha hakujua anifanye nini. Akanipeleka kwa fundi mkuu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Gedi, Msomali wa Habaswein, mrefu, mwembamba, ndevu zimetiwa hina, hedifoni shingoni. Kazi ya redio aliijulia jeshini, ambako aliandikwa kubeba betri, akakaa karibu na mafundi mpaka akawapita. Kusoma hakujua. Alinitazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ni sekretari?"

"Hapana, mzee. Mimi ni fundi."

"Fundi ya nini?"

"Ya redio."

"Haye," akasema, yaani sawa. Akanipa bisibisi na plaisi, akanionyesha mlingoti wa antena nyuma ya ofisi. Nilikuwa nimevaa buibui. Namshukuru mama alinilazimisha suruali ndani asubuhi ile, vinginevyo ningerudi kwetu siku hiyo hiyo. Nilikunja buibui kiunoni nikapanda. Soko zima liliacha mbuzi wake likaja kuangalia. Kuna mama mmoja alikuwa akiniombea kwa sauti tangu ngazi ya tatu. Niliposhuka, Mzee Gedi akasema: "Kazi fizuri. Lakini ubebo ikikuja, hiyo nguo itakubeba mbaka mtoni." Alizungumza hivyo, p ikawa b na v ikawa f, kama wengi wa huku. Sitayaandika maneno yake yote namna hiyo, nyinyi mkimsikia tu mtajua.

Tangu siku ile aliniita adeer, yaani ami. Msishangae. Wazee wa Kisomali humrudishia mtoto jina ambalo mtoto anawaita wao, kwa hiyo mimi nilimwita adeer na yeye akaniita adeer, na mgeni akitusikia hakujua ni nani ami wa nani. Hata mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kutafuta mwanamume anayeitwa.

Alinifundisha kwa kuuliza. Tukifungua redio, mimi ndiye niliyeshika mita. Yeye alifumba macho, akainamisha kichwa, na kuuliza: "Mita inasema nini?" Nikimsomea namba alisema, "Fyuzi," au "Waya ya pili, kushoto, imekatika ndani." Na kweli ilikuwa imekatika. Hata saa ya ukutani alikuwa akiniuliza inasema nini. Nilidhani hayo yote ni mtihani. Nilijitahidi nisikosee hata nukta, nikajiona mwanafunzi ninayependwa kuliko wote duniani. Hakukuwa na mwanafunzi mwingine, lakini bado.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Habaswein kwenyewe, kwenye zahanati. Redio yao ilikuwa nzima siku zote za wiki, ila siku ya soko la mifugo ilikoroma tu, hakuna sauti inayotoka wala kuingia. Bwana Mutiso aliandikia Nairobi kwamba huenda ni kelele za mbuzi. Nairobi wakaleta redio mpya. Siku ya soko nayo ikakoroma. Tukaenda na Dubow, dereva wetu, mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Mzee Gedi aliketi siku tatu na hedifoni masikioni, akiniuliza mita inasema nini, kabla ya soko, wakati wa soko, baada ya soko. Siku ya nne alimwita mlinzi wa zahanati, akamuuliza swali ambalo nilidhani jua limempanda kichwani: "Wewe unatawadha wapi?"

Mlinzi akasema kila siku anatawadha pale chini ya mlingoti, penye kile chuma kilichochomekwa ardhini, kwa sababu pana kivuli. Na siku ya soko? Siku ya soko anatawadha msikitini, pamoja na jamaa zake waliotoka malishoni.

Basi ndiyo hiyo. Kile chuma ndicho kinachoiunganisha redio na ardhi, na ardhi ya Habaswein kavu haipitishi umeme hata kwa kubembelezwa. Maji ya udhu wa yule mlinzi ndiyo yaliyokuwa yakiilowesha. Mzee Gedi akamwambia siku ya soko amwage birika moja hapo kabla ya kwenda zake, na redio haikukoroma tena. Mimi nikaandika ripoti. Baada ya wiki mbili Nairobi wakauliza kwa barua tulitumia kipuri gani. Nikajibu: maji. Wakaandika tena kuuliza namba ya kipuri.

Mnaniuliza nilipenda nini. Nilipenda sauti ikifika. Kule Rhamu, ng'ambo ya Mto Daua ni Ethiopia, tulifunga taar kwenye duka, na mteja wa kwanza alikuwa mama aliyetaka kuzungumza na mwanawe aliyekuwa Garissa. Nikamweleza kwamba akimaliza aseme "ova", aachie kitufe, ndipo mwenzake aweze kujibu. Alikataa katakata. Alisema hawezi kuwa yeye wa kumaliza. Akazungumza mfululizo mpaka mkono wake ukachoka wenyewe ukaachia kitufe, na mara sauti ya mwanawe ikaingia, "Hooyo," mama, imekwaruza lakini ni yeye. Duka zima likashusha pumzi. Niliondoka Rhamu nikijiona daktari.

Na nilichokichukia? Waraka. Kila wiki waraka kutoka Nairobi. Tuvae fulana za kampuni Ijumaa, siku ambayo huku watu wanavaa kanzu. Tutabasamu tunapojibu taar, na nani atakuona? Kisha ikaja kompyuta ya kwanza. Bwana Mutiso aliifunika kwa shuka la maua, akakataza feni isiwashwe ili vumbi lisipae, tukawa tunatokwa na jasho kwa heshima ya kitu ambacho hakuna aliyejua kitatufanyia nini. Nenosiri lake alilisahau wiki ya kwanza. Tuliendelea kulifua lile shuka.

Ndipo fomu zikaja. Zilikuja na basi kutoka Nairobi, ndani ya boksi la betri, kila mmoja na yake, pamoja na bahasha ya kufungwa kwa gundi ili meneja asisome. Zilikuwa kwa Kiingereza, maswali mawili tu. Unapenda nini kuhusu kufanya kazi katika kampuni hii? Hupendi nini? Na chini: usiandike jina.

"Za nini hizi?" akauliza Dubow.

"Wanataka kujua mnavyojisikia," akasema Bwana Mutiso.

"Wametusikia wapi tukilia?"

"Jazeni tu jamani. Alhamisi basi linarudi."

"Na hili la kutoandika jina? Sasa nani atakuwa amesema?"

Bwana Mutiso akakuna kichwa. "Hakuna," akasema. "Hakuna atakayekuwa amesema." Akarudi kwenye kiti chake, na nadhani na yeye alikuwa hajaelewa.

Jumatano baada ya swala ya alasiri tukatandika mkeka nyuma ya ofisi, chini ya mlingoti, sisi watatu, na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Kwa watu wa huku jambo likiwatatiza hamlibebi kila mtu peke yake. Mnaketi, kila mtu anasema, mnatoka na neno moja. Sehemu ya kupenda ilituchukua muda mfupi. Mzee Gedi alisema anapenda redio. Dubow alisema anapenda barabara. Mimi nilisema napenda kujua, na Dubow akauliza kujua nini, nikaandika hivyo hivyo.

Sehemu ya pili ikatukwamisha. Mimi nilitaka kuandika habari za waraka na shuka la maua. Dubow akaruka.

"Astaghfirullah! Bwana Mutiso yuko hapa kwenye mkeka?"

"Hayuko."

"Watu wa Nairobi wako?"

"Hawako."

"Basi hiyo ni kusengenya. Tena kwa maandishi! Mtu umseme akiwa hayupo, hawezi kujibu, na wewe mwenyewe umeficha jina lako. Mimi sitaki dhambi ya Alhamisi."

Nikamwambia ndivyo wenzetu wanavyofanya, ni jambo la kawaida. Akasema kawaida kwa nani. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mzee Gedi wakati wote alikuwa anachezea shanga za tasbihi. Mwishowe akasema: "Wameuliza, lazima tujibu. Na mtu asiyekuwa hapa hatumsemi. Haye. Mimi niko hapa. Mimi naweza kujisema."

Dubow akapiga paja. "Wallahi hiyo ndiyo!"

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kila mtu ataeleza asichokipenda kazini kwa kujisema mwenyewe, mbele ya wenzake, na jina ataliweka, kwa kuwa sisi si waoga. Mimi ndiye niliyejua kuandika Kiingereza, kwa hiyo fomu zote tatu nilizijaza mimi. Mnaona jambo linavyoanza? Mpaka hapo sikuona ubaya. Niliona uzuri, kusema kweli, tumekaa vizuri, jua limepoa.

Dubow akasema: "Andika, sipendi kwamba mimi hupakia mbuzi wa watu kwenye gari ya kampuni." Tukacheka mpaka akaongeza idadi ya mbuzi. Mimi nikaandika kwamba nina hasira za haraka, na kwamba mita iliyovunjika mwaka uliopita haikuanguka yenyewe. Mzee Gedi alinigeukia. "Ulirusha?" "Nilirusha, adeer." "Haye." Akanisamehe hapo hapo.

Kisha zamu yake. "Andika," akasema. "Sipendi macho yangu. Miaka miwili sasa mita siioni. Saa siioni. Waya nazijua kwa vidole. Rukia ndiye ananisomea."

Kalamu ikanisimama mkononi. Miaka miwili! Ile "mita inasema nini" haikuwa mtihani wala mafunzo. Alikuwa haoni. Nilimtazama, akawa anatazama upande wangu kidogo pembeni, kama alivyozoea, na mimi siku zote nilidhani ni heshima ya kutomkodolea mwanamke macho. Nilijisikia mpumbavu, nikamwonea huruma, nikajionea huruma mimi, vyote kwa pamoja.

Halafu nikaitazama karatasi. Nilijua inakwenda kwa nani. Niliwaza: labda watamnunulia miwani. Niliwaza: ameagiza mwenyewe, mimi ni nani nimkatize mzee mbele ya Dubow. Niliwaza: ukweli ni ukweli. Na kulikuwa na wazo jingine lililopita mbio, sikulitazama usoni. Nikaandika. Kwa Kiingereza safi, herufi nzuri, kila neno. Yeye akaweka alama ya kidole gumba, Dubow na mimi tukatia sahihi, tukatia gundi. Alhamisi basi likaondoka.

Majibu hayakuja kwa barua. Alikuja mtu, Bi Nekesa, ofisa wa wafanyakazi, mama mwenye sauti ya upole na mkoba mzito. Bwana Mutiso alimpisha kiti chake. Alizitandaza fomu zetu tatu mezani, karibu na kompyuta iliyofunikwa, akatutazama kama mtu aliyepewa sufuria ya mboga akakuta ndani mna viatu.

"Nani aliwaambia mjiandike wenyewe?"

"Tuliulizwa hatupendi nini," nikasema.

"Kuhusu kampuni!"

"Kwani kampuni ni nani?" akauliza Dubow. "Si ni sisi?"

Bi Nekesa akazigonga fomu kwa kidole. Akatuambia matawi mengine yameandika kwamba chai haitoshi, viti vinauma mgongo, meneja anapiga kelele. Tawi moja lilikuwa limejaza kurasa nne kuhusu choo. "Nyinyi peke yenu," akasema, "mmeandika maungamo. Na mmetia sahihi. Wakubwa wamezisoma, sasa mimi nifanye nini? Ningezipata mimi kwanza..." Hakumaliza. Nadhani angezichana.

Dubow akapewa onyo kwa ajili ya mbuzi. Mimi nikapewa pongezi. Ndiyo, pongezi! Kwa uaminifu wangu katika suala la mita. Mzee Gedi akapewa bahasha, na kwa kuwa hakujua kusoma, akaninyooshea mimi kama alivyoninyooshea kila karatasi kwa miaka yote. "Inasema nini, adeer?"

Nikaisoma na kuitafsiri. Kwamba kampuni inamshukuru. Kwamba kwa sababu za kiafya, na kwa usalama wa vifaa, kazi yake itakoma mwisho wa mwezi. Nilipofika aya ya mwisho nikaikunja barua, nikasema imekwisha.

"Haijaisha," akasema Bi Nekesa kwa upole. "Inasema fundi mkuu atakuwa Rukia."

Mzee Gedi akavua hedifoni shingoni, akaziweka mezani polepole, akipapasa kwanza pembe ya meza. "Hongera, adeer," akasema. Akaenda kutawadha.

Mwezi ule uliobaki alinipeleka vituo vyote, kimoja kimoja, akanifundisha kila redio inavyokoroma ikiwa na njaa ya betri, inavyokoroma mlingoti ukiwa umelegea. Hakunilaumu hata kwa kikohozi. Na hicho ndicho kilichonichanganya. Angefoka ningejitetea. Aliondoka na lori la mahindi kwenda kwao Habaswein, na mimi nikabaki na ufunguo wa stoo na swali.

Dubow ndiye aliyenipa dawa ya usingizi. Siku moja barabarani akasema: "We Rukia, huoni? Mzee alijua. Macho yamekwisha, umri umekwenda, akaona akikaa watakuja kumleta mtu wa Nairobi juu yako. Akajisema mwenyewe ili kiti kiwe chako. Mzee yule angeshindwa kujua fomu inakwenda wapi? Aliyejua redio inataka udhu?"

Niliishika hiyo kwa mikono miwili. Nikaila, nikaivaa. Wageni wakiuliza habari za Mzee Gedi niliwasimulia hivyo, na kila nikisimulia aliongezeka hekima. Lakini mchana nikiwa peke yangu juu ya mlingoti mahesabu hayakukaa sawa. Kama alijua, mbona alisema macho yake kama mtu anayesema ana njaa? Kama hakujua, mbona hakukasirika? Nilimfikiria hivi, nikamfikiria vile. Niliagizwa mara nyingi njia ya Wajir, na kila mara nilikuwa na sababu ya kupita Habaswein bila kusimama: giza linaingia, msafara unatuacha, betri zinasubiriwa. Sababu ninazo za kutosha gunia.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini, Tana ikaingia mashambani, ndizi za baba zikaenda na maji, na barabara ya Wajir ikawa ziwa. Ilipofunguka, gari letu likakwama kwenye tope nje kidogo ya Habaswein. Dubow akasema tutalala hapa siku mbili, usijisumbue kutafuta sababu. Nikaenda kwa miguu, viatu mkononi.

Mzee Gedi alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya ngozi. Ndevu hazikuwa na hina tena. Mkewe alimwambia kuna mgeni, akasema, "Huyo ni Rukia, natambua anavyokanyaga," akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniuliza habari za kituo kimoja kimoja, Hadado, Rhamu, vyote. Nikamjibu. Mkewe akaleta bakuli la maziwa. Na mimi niliyepanda milingoti ya nchi hii nzima niliogopa kufungua mdomo kama nilivyoogopa ngazi siku ile ya buibui.

"Adeer," nikasema, "ile fomu. Ulijua watakuachisha?"

Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza hedifoni.

"Mimi? Nitajua nini ya Nairobi? Nairobi sijafika. Nilifikiri wameuliza kwa sababu wanataka kutusaidia."

Ile hadithi ya Dubow ikaanguka pale pale, na mimi ndani yake. Nilitaka anyamaze. Hakunyamaza.

"Wewe ndiye ulikaa huko," akasema. "Siku ile kalamu yako ilisimama. Niliisikia. Nilifikiri unatafuta neno ya Kiingereza. Ulikuwa unatafuta neno?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe.

"Hapana, adeer. Neno nilikuwa nalo. Nilijua watafanya nini."

Alinigeukia, uso wake kidogo pembeni mwa uso wangu. Hasira sikuiona, na niliitafuta, haki ya Mungu niliitafuta kila mahali.

"Basi ungeniambia, adeer," akasema.

Akapapasa kando ya ngozi mpaka akalipata bakuli, akanisogezea, nikanywa.